Usanifu wa programu za simu

Usanifu wa programu za simu ni kazi ya kupanga namna programu ya simujanja itakavyoonekana na itakavyofanya kazi, ili anayeitumia atimize haja yake upesi na bila kukosea. Kazi hiyo ni tofauti na ile ya kuandika msimbo, ingawa katika kampuni ndogo mara nyingi mtu mmoja hufanya zote mbili. Wengi hudhani kwamba usanifu ni kuchagua rangi na picha, lakini hayo huja mwishoni. Kwanza huulizwa: nani ataitumia programu, akiwa na simu ya namna gani, na akikosea atapata hasara gani?

Historia

Mwanasaikolojia Mmarekani Donald Norman, aliyefanya kazi katika kampuni ya Apple miaka ya 1990, alieneza wazo kwamba kinachopaswa kusanifiwa si kifaa peke yake, bali yote anayoyapitia mtumiaji tangu anapokishika. Simu ya iPhone ilitolewa mwaka 2007, na duka la App Store lilifunguliwa Julai 2008 likiwa na programu 500 hivi. Duka la programu za Android lilifuata mwaka huohuo. Tangu hapo vitufe vya kubonyeza vilianza kutoweka na kioo cha kugusa kikachukua nafasi yake.

Kidole na kioo

Mwaka 1954 Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia shabaha hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Kanuni hiyo inahusu kidole gumba kinachotafuta kitufe kwenye kioo. Google inashauri sehemu ya kugusa iwe na upana wa milimita 9 hivi. Vitufe vinavyotumika mara kwa mara huwekwa chini ya kioo, ambako kidole gumba hufika kwa urahisi, na kitufe cha "Futa" hakipaswi kukaa ubavuni mwa "Hifadhi". Rangi peke yake haitoshi kuwa ishara, kwa kuwa wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Kusubiri

Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, alieleza mwaka 1993 vipimo vitatu vya kusubiri. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu huona kitu kimetii palepale. Likija ndani ya sekunde 1, fikra zake hazikatiki. Zikipita sekunde 10, humtoka na kushika shughuli nyingine.

Pale mtandao unaposuasua, kioo kisichosema lolote ni hatari kuliko kioo kinachochelewa. Mtu aliyebonyeza "Tuma" asione kitu hubonyeza tena, na malipo yanaweza kwenda mara mbili. Kwa hiyo kitufe huzimwa baada ya mguso wa kwanza, huonyeshwa kwamba kazi inaendelea, na kila muamala hupewa namba yake ili kompyuta inayopokea iutambue ukirudiwa na isiutekeleze mara ya pili.

Kuzuia makosa

Mfano mzuri unatoka kwenye huduma ya fedha ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ikitumia menyu za maandishi katika simu za kawaida. Fedha zilitumwa kwa namba ya simu. Tarakimu moja ikikosewa, zilikwenda kwa mtu mwingine ambaye angeweza kuzitoa mara moja. Nchini Kenya iliongezwa huduma iitwayo Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji. Badiliko hilo halikuongeza urembo wowote, lakini lilimpa mtumaji kitu cha kulinganisha na alichokusudia. Swali la "Una uhakika?" halifanyi kazi hiyo, maana watu hulizoea na kujibu "Ndiyo" bila kusoma.

Lugha

Programu nyingi husanifiwa kwa Kiingereza kwanza, kisha maneno hutafsiriwa. Hapo Kiswahili huumia. Maneno yake mara nyingi ni marefu zaidi, hivyo kitufe kilichopimwa kwa Kiingereza hulikata neno katikati. Tatizo kubwa zaidi ni ngeli. Katika Kiingereza neno lilelile latosha kwa kila kilichofutwa, lakini kwa Kiswahili husemwa picha imefutwa, kitabu kimefutwa, ujumbe umefutwa, majina yamefutwa. Msanifu aliyeacha pengo la kujaza jina lolote mbele ya kitenzi kimoja hupata "kitabu imefutwa". Dawa yake ni kuandika sentensi nzima kwa kila hali, japo kazi huongezeka.

Hesabu ya saa inaweza kuleta madhara ya kweli. Programu ya kukumbusha dawa iliyotafsiriwa ovyo huweza kuandika "saa 8 usiku" kwa maana ya 20:00. Msomaji wa Kiswahili huelewa saa nane ya usiku, yaani 02:00, na mgonjwa huchelewa dawa kwa saa 6. Ni salama zaidi kuonyesha tarakimu na maneno pamoja: 20:00, saa mbili usiku.

Majaribio

Usanifu hujaribiwa mapema, hata kwa michoro ya karatasi. Nielsen alishauri kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro, mradi wawe wa aina ileile ya watu watakaoitumia programu. Programu ya wakulima ikijaribiwa na wanafunzi wa chuo wenye simu mpya, majibu yake hayasaidii. Anayejaribu hupewa kazi, kwa mfano kumtumia ndugu fedha, na msimamizi hutazama akiwa kimya. Kunyamaza huko ni kugumu kwa aliyeitengeneza programu, kwa kuwa hutamani kuelekeza kidole. Lakini mtumiaji akiwa nyumbani hana wa kumwelekeza.