Je, Wajua? Umeshasahihisha, Tovuti Bado Ni Ileile

Je, wajua…

• …kwamba ukurasa wa zamani unaweza kujificha katika akiba tatu: ya kivinjari, ya proksi (seva iliyo kati ya msomaji na tovuti) na ya mfumo wenyewe wa tovuti? Ctrl na F5 ni dawa ya ile ya kivinjari. Nyingine husafishwa upande wa seva.

• …kwamba agizo la HTTP liitwalo no-cache halikatazi kuhifadhi nakala? Linataka tu seva iulizwe kabla nakala haijatumika. Linalokataza kabisa ni no-store.

• …kwa nini mhariri huona habari mpya huku msomaji akiona ya jana? Aliyeingia kwa nywila kwa kawaida haletewi nakala ya akiba. Kagua kazi yako kwa dirisha fiche.

• …kwamba Varnish, proksi mashuhuri ya kuharakisha tovuti, ilianza mwaka 2006 kwa ajili ya gazeti la Norway, VG? Aliyeiandika ni Poul-Henning Kamp wa Denmark.

• …kwamba Krismasi ya 2015 baadhi ya wateja wa duka la michezo la Steam walifunguliwa kurasa za akaunti za watu wengine? Akiba ilipangwa vibaya, ikagawa kurasa za siri.

• …kwamba makosa 502 na 504 hutolewa na aliye katikati? Kwa 502, proksi imepewa jibu bovu. Kwa 504, imengoja hadi ikachoka. Chunguza seva iliyo nyuma yake.

• …kwamba Drupal, mfumo wa kuendesha tovuti, isipoelezwa katika faili lake la settings.php kuwa kuna proksi, huwaona wageni wote wakitoka anwani moja ya IP? Ukimfungia mkorofi mmoja, umewafungia wote.

• …kwamba WordPress, mfumo mwingine wa tovuti, ikisasishwa huweka faili liitwalo .maintenance na kuwazuia wageni? Mtandao ukikatika katikati, faili hubaki. Baada ya dakika 10 mfumo hulipuuza. Ukilifuta, mlango hufunguka papo hapo. Kisha rudia kusasisha, maana kazi haikukamilika.

• …kwamba tarehe 15 Oktoba 2014 Drupal ilitangaza kiraka cha tundu kubwa la usalama katika toleo la 7? Wiki mbili baadaye ilionya: tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 tangu tangazo lile ihesabiwe kuwa imeshavamiwa. Kuweka kiraka baada ya hapo hakukumwondoa mvamizi aliyekwisha kuingia.