Shangazi wa mtoto yuko wapi? Jaribu orodha ya wapiga kura

Swali huja mapema kliniki, mara nyingi kabla mtoto hajaguswa. "Kwenu kuna mtu mwenye sukari? Presha? Kifafa? Kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana?" Kwa upande wa mama majibu huwa yapo. Likifika upande wa baba, hasa kama baba ameshafariki au wazazi waliachana mtoto akiwa mchanga, mama wengi hubaki wanatazama kadi ya kliniki. Wanajua majina yake. Wanajua alikuwa akisema kwao ni ng'ambo ya Mto Kilombero. Basi.

Bonde hili ni mahali pagumu kwa swali hilo, kwa sababu watu wake wamehama sana. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena walikuwapo. Wakaja wafanyakazi wa mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari Kidatu, wakaja waliojenga reli ya TAZARA miaka ya 1970, halafu Operesheni Vijiji ikawakusanya waliokuwa wametawanyika. Baadaye wakafika wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa. Mwanaume aliyezaliwa Mtimbira, akakata miwa Kidatu, akaoa Ifakara na kuzikwa Dar es Salaam si habari ya kushangaza hapa. Anaweza kuacha watoto wanne kwa mama watatu, na watoto hao wasijuane.

Kwa mzazi anayetaka kuwapata ndugu hao kuna karatasi ambayo wengi wetu huipita ikiwa imebandikwa ukutani: orodha ya wapiga kura.

Soma jina la kati

Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandaliwa mwaka 2004 na likatumika mara ya kwanza katika uchaguzi wa 2005. Kwa uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 37. Sheria inaitaka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliboreshe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine, na daftari la awali huwekwa wazi vituoni ili wananchi wakague: nani amekosewa jina, nani ameshafariki, nani hana sifa. Kabla ya siku ya kura, majina hubandikwa tena.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake tofauti, inayoandikwa kitongoji kwa kitongoji na mtaa kwa mtaa. Ya mwisho ilikuwa ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024. Kwa kazi ya kutafuta ndugu, mimi naiona hii ndiyo tamu zaidi. Kitongoji ni kidogo, na jina likionekana pale, mwenyekiti wake anajua nyumba.

Siri iko kwenye namna tunavyoitwa. Wengi wetu tuna majina matatu: la kwako, la baba, na la babu au la ukoo. Tuseme marehemu baba wa mtoto aliitwa Kasiani Yohana, kisha jina la ukoo. Watoto wake wengine, popote walipo, wataandikwa jina lao, kisha Kasiani, kisha ukoo. Kaka na dada zake, yaani baba wakubwa, baba wadogo na mashangazi wa mtoto wako, wataandikwa jina lao, kisha Yohana, kisha ukoo uleule. Kwa hiyo usisome jina la kwanza. Teremka na majina ya kati.

Teremka polepole, maana mwandikishaji huandika anavyosikia. Yohana anaweza kuwa John au Johanes. Kasiani anaweza kuwa Cassian. Herufi L na R hubadilishana kila siku. Eneo hili lina Wakatoliki wengi, na kuna wanaotumia jina la ubatizo la baba huku ndugu yao wa tumbo moja akitumia jina la nyumbani la baba huyohuyo. Nenda na karatasi yenye namna zote unazoweza kufikiria.

Upande wa mama orodha haisemi kitu, kwa kuwa jina la mama halimo katika majina yetu. Walio chini ya miaka 18 hawamo. Asiyejiandikisha hamo, na aliyehama bila kuhamisha taarifa zake ataonekana alikotoka. Na jina kuwapo si uthibitisho kwamba mwenyewe yu hai: marehemu hufutwa pale ndugu wanapotoa taarifa, na si wote hutoa.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo mgeni halijui. Ukimkuta mtu kwenye orodha ya Lupiro au Namawala, usifunge safari mwezi wa pili. Msimu wa mpunga familia nyingi huhamia shambani, hulala kwenye vibanda huko mpaka mavuno, na nyumba ya kijijini hubaki na wanafunzi na bibi. Piga simu kwanza kwa mtendaji.

Orodha ikinyamaza, jaribu parokia

Kwa wanawake, orodha pekee mara nyingi haitoshi, maana wengine hubadilisha jina wakiolewa. Hapo daftari la ubatizo la parokia linaweza kukutoa. Linaandika wazazi wote wawili na wasimamizi, na kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki mtu akifunga ndoa popote, taarifa hurudishwa kuandikwa kwenye parokia alikobatizwa. Binti aliyebatizwa Malinyi akaolewa Mbeya anaweza kuonekana pembeni ya jina lake mwenyewe, pamoja na mahali alikofungia ndoa. Jimbo la Ifakara limezaliwa 2012 tu, likitoka katika Jimbo la Mahenge, kwa hiyo kwa watu wa zamani ulizia pande zote mbili. Ofisi ya parokia haitakukabidhi kitabu ukipekue. Utaeleza unamtafuta nani na kwa nini, na karani atatazama.

Ukitaka orodha za zamani zaidi, usitegemee makubwa. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, 1958 na 1959, ili upige kura ulitakiwa uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kilichotajwa. Babu wa Kilombero aliyekuwa akilima mpunga na kuvua kambale hakuwamo. Huko Uingereza watafiti wa koo hupekua madaftari ya wapiga kura ya miaka zaidi ya mia moja. Ila hata huko, tangu 2002 kuna daftari kamili na daftari la wazi, na mtu anaweza kuomba jina lake liondolewe kwenye lile la wazi.

Ifakara ina daftari jingine la watu, tena bora kuliko la uchaguzi. Mwaka 1996 watafiti wa kituo ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara walianza kuandikisha kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakirudi kila baada ya miezi minne kuandika aliyezaliwa, aliyekufa, aliyeoa na aliyehama. Usiende kuliomba. Majina yale ni siri ya utafiti, na ndiyo maana watu walikubali kuyatoa. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kasi ya mambo: kama kwa utafiti ilibidi kurudi mara tatu kwa mwaka, orodha inayoboreshwa mara mbili kwa miaka mitano itakuwa imepitwa kwa watu wengi.

Kwanza pima, kisha safiri

Mimi ni mwandishi wa afya, kwa hiyo hapa sitanyamaza. Kama wasiwasi wako ni selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, usimtafute mtu yeyote kabla hujampima mtoto. Vidole vya mikono au miguu vikivimba, maumivu ya viungo yakirudirudi, damu ikipungua mara kwa mara, mpeleke hospitali sasa. Kipimo cha damu kinajibu bila shangazi.

Ndugu wanahitajika kwa mambo ambayo kipimo hakiwezi kujua. Presha na sukari zilizoanza mapema. Vifo vya ghafla vya vijana, ambavyo huenda vilikuwa vya moyo. Presha ya macho iliyomfanya babu kuwa kipofu. Na saratani ya matiti: wengi hudhani hurithiwa kwa mama tu, kumbe inaweza kupita kwa baba ambaye mwenyewe hakuugua. Kama shangazi wawili waliugua kabla ya miaka 50, binti yako anapaswa kujua akikua, na daktari wake pia.

Taarifa hutembea pande zote mbili. Mtoto wako akikutwa na selimundu maana yake, kwa kawaida, baba yake alibeba vinasaba vyake. Ndugu zake wa baba mmoja wanaweza kuwa wamevibeba bila dalili yoyote. Akikutana na mwenza aliyebeba pia, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hiyo ni habari unayowapelekea, na wao wana haki ya kuisikia kabla hawajazaa.

Na ukiwapata, waulize pia waliishi wapi. Mahenge inatufundisha hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko baada ya kuona wagonjwa wengi ajabu, tena wengi katika familia zilezile. Ilikuwa rahisi kusema ni ugonjwa wa ukoo, na familia zikafichwa na kukwepwa katika kuoana. Utafiti wa baadaye umekihusisha kifafa hicho na usubi, minyoo inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Walichokuwa wakishiriki ndugu wale kilikuwa mto pia.

Usibishe hodi na ugonjwa

Umepata jina, umepata kitongoji. Sehemu iliyobaki ndiyo inayoharibu mambo. Mgeni anayefika na kusema "marehemu alikuwa baba wa mtoto wangu" husikika kama aliyefuata shamba. Ardhi ya Kilombero ina thamani, na mjane aliyebaki na ekari zake tatu za mpunga hatakuuliza habari za presha, atawaza mirathi.

Kwa hiyo usiende moja kwa moja nyumbani. Chukua barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kwako. Fika kwa mwenyekiti wa kitongoji, umweleze, na umwombe yeye apeleke ujumbe na namba yako ya simu. Usimwombe akuonyeshe nyumba. Wakikubali, nenda na mtu mzima, mjomba wako au mama yako mkubwa, atakayejua kusalimia na kutaja koo kabla ya shida. Sema mapema kwamba hudai mali, kama kweli hudai. Kama unadai kwa niaba ya mtoto, hilo lina njia yake mahakamani. Usilifiche ndani ya maswali ya afya.

Wakikataa, rudi. Kuna wanaohama kwa sababu walikimbia kipigo au ugomvi wa familia, na jina lao liko ukutani kwa ajili ya kupiga kura tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa za watu kama hao. Soma orodha kwa macho, andika jina unalolihitaji, lakini usiipige picha ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp ukiuliza nani anamfahamu fulani.

Ukipewa majibu, yaandike siku hiyohiyo nyuma ya daftari la kliniki: nani, ugonjwa gani, ulianza akiwa na umri gani, yu hai au alifariki lini. "Babu alikuwa na presha" haimsaidii sana daktari. "Babu mzaa baba, alipooza akiwa na miaka 48" inamsaidia. Wasiojua ugonjwa waulize dalili: alivimba miguu, alikonda, alikojoa sana, alianguka shambani. Na omba namba ya simu ya yule shangazi anayeongea sana. Kila ukoo unaye mmoja.