Sarakasi Ilitoka Wapi? Swali la Mzee wa Msata



Robo mwaka iliyopita ofisi yetu ilipokea barua ya maombi kutoka Msata. Kikundi cha vijana kumi na wanne, wavulana na wasichana, waliomba wanunuliwe sare, redio kubwa ya kupigia muziki na vifaa vya sarakasi. Tulipofika kwenye kikao tulikuta kamati imegawanyika. Wajumbe wengine walitaka barua ipitishwe siku hiyohiyo, kwa hoja kwamba vijana wale wakikosa shughuli watarudi kushinda njia panda wakikimbizana na mabasi ya Segera na Chalinze. Wengine walikumbusha kwamba mtoto mmoja wa kikundi alikuwa amevunjika mkono miezi miwili kabla, na kwamba gharama za matibabu zilibebwa na mama yake peke yake. Mzee mmoja, ambaye hakuwa ametia neno tangu kikao kianze, akauliza: "Wanangu, hii sarakasi ni mila ya nani? Na ndani yake mna nini?"

Baadhi ya watu walicheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu la kutosha. Tuliahidi kulitafuta, na katika toleo hili tunawaletea tuliyoyapata, kwa kuwa tunajua swali hilo si la Msata peke yake.

Mchezo wa wakulima

Jina sarakasi tumelipata kwa Waingereza, lakini mchezo wenyewe, kwa namna vijana wetu wanavyoucheza, umetoka China. Huko una umri wa zaidi ya miaka elfu mbili. Katika mkoa wa Shandong yapo makaburi ya enzi ya wafalme wa Han (mwaka 206 kabla ya Kristo hadi 220 baada ya Kristo) ambayo mawe yake yamechongwa picha za watu wanaotembea juu ya kamba na kurusha visu hewani. (Shandong ndiyo pia inayoleta madaktari wa Kichina Tanzania Bara tangu mwaka 1968, kwa hiyo huenda baadhi yenu mmewahi kutibiwa na mtu wa huko.)

Sehemu inayojulikana zaidi kwa sarakasi ni wilaya ya Wuqiao katika mkoa wa Hebei. Tunaomba msomaji asimame kidogo hapa, kwa sababu jambo hili lilitugusa. Watu wa Wuqiao walikuwa wakulima. Mazao yakishavunwa, au mvua zikiwanyima, walitoka na familia zao kwenda kucheza sokoni na vijijini ili wapate chakula. Vifaa vyao vilikuwa vyombo vya nyumbani: mtungi, bakuli, sahani, kiti, meza, kofia ya majani. Hata leo mchezaji wa Kichina akisimama kwa mikono juu ya viti vilivyopangwa ghorofa, au akazungusha sahani juu ya fimbo nyembamba, anatumia vyombo vya jikoni kwa mkulima. Kwa miaka mingi watu hao walidharauliwa wakahesabiwa sawa na ombaomba. Heshima ilikuja baadaye. Mwaka 1950 serikali mpya ya China iliwakusanya wachezaji bora ikaunda kikundi cha taifa, chini ya usimamizi wa Waziri Mkuu Zhou Enlai, na kikundi hicho kikaanza kutumwa nchi za nje. Mwaka 2006 sarakasi ya Wuqiao iliandikwa katika orodha ya China ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Ilivyofika kwetu

Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, na Zhou Enlai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo. Watu wengi wanaukumbuka urafiki huo kwa reli ya TAZARA na kiwanda cha nguo cha Urafiki. Wachache wanakumbuka kwamba katika miaka hiyo kundi la vijana wa Kitanzania lilipelekwa China kujifunza sarakasi. Walikaa huko kwa miaka, wakajifunza kwa ratiba ya Kichina, na waliporudi mwaka 1969 wakawa Kikundi cha Taifa cha Sarakasi. Walizunguka nchi nzima wakicheza pamoja na wenzao wa ngoma.

Kutoka hapo mchezo ulisambaa mitaani. Vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam kama vile Muungano na DDC Kibisa viliuingiza katika maonyesho yao, kati ya ngoma na maigizo. Watoto waliolipa kiingilio, na wale waliochungulia juu ya ukuta bila kulipa, walikwenda kujaribu mchangani. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, baadhi ya wasanii wake walihamia Bagamoyo kufundisha katika Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981, ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Kutoka Bagamoyo hadi Msata ni kilometa 64 za lami. Kijana mmoja wa kikundi chetu alikwenda Bagamoyo kwenye tamasha, akaona, akarudi na kuwafundisha wenzake alichokumbuka. Tatizo ni kwamba alikumbuka miruko, hakukumbuka mazoezi, na kwa kweli mazoezi hakuyaona kwa sababu hayaonyeshwi jukwaani.

Tukiri pia kwamba pwani hii ilifahamiana na China kabla ya hapo. Anayekwenda Kaole, kilometa chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, ataona makaburi ya kale yenye nguzo, na katika nguzo hizo matundu yalimopachikwa mabakuli ya Kichina kama pambo na heshima kwa marehemu. Mabakuli yalifika kwa majahazi kupitia mikono ya wafanyabiashara wengi. Wenyeji hawakuuliza namna Wachina wanavyoyatumia. Waliyapa kazi yao wenyewe.

Siku hizi njia ni nyingi. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili, na kina mama wengi wakaona kwamba mambo ya mkwe ni yaleyale kila mahali. Mwaka 2013 Taasisi za Confucius zilianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma kufundisha lugha, na mwaka 2015 kituo cha utamaduni wa China kilifunguliwa Dar es Salaam. Yote hayo yanalipiwa na serikali yenye malengo yake, jambo ambalo si siri wala si kosa. Ila kwa maoni yetu hakuna kilichoota mizizi kwa watu wa kawaida kama sarakasi. Watoto wa Msata wanaruka wakisindikizwa na ngoma, wengi wao hawajui hata kidogo kwamba kuna China ndani yake. Na mchezo huo umeshatoka tena nje: Februari 2024 Watanzania wawili wanaojulikana kama Ramadhani Brothers, ambao mmoja husimama kichwa chake juu ya kichwa cha mwenzake, walishinda shindano kubwa la vipaji katika televisheni ya Marekani.

Ndani yake mna nini?

Hapa tunarudi kwa mzee wetu. Hofu yake ina sababu. Katika maonyesho ya zamani sarakasi na mazingaombwe vilipangwa jioni moja, na mtazamaji wa mbali angeweza kudhani ni kitu kimoja. Jibu letu ni kwamba ndani ya sarakasi hamna sala, kafara wala kiapo. Mna mambo manne ambayo walimu wa China huyaita msingi: kiuno, miguu, kupinduka, na kusimama kwa mikono. Mwanafunzi huanza na kulainisha mgongo na kunyoosha miguu. Kisha hufundishwa kuanguka na kupinduka. Kusimama kwa mikono hufanywa ukutani kwanza, muda mfupi, na muda huongezwa kidogo kidogo kwa wiki na miezi, mpaka mabega na vifundo vya mikono vizoee kubeba uzito ambao kwa kawaida hubebwa na miguu. Ndipo inakuja michezo ya kupendeza.

Hatusemi kila desturi ya China haina imani ndani yake. Ngoma ya simba ya mwaka mpya, kwa mfano, ilikusudiwa tangu zamani kufukuza mabaya. Mwenye kutaka kujua Kanisa lilivyohangaika na maswali ya namna hiyo amsome Padre Matteo Ricci, Mjesuiti aliyeingia China mwaka 1583, akajifunza lugha na vitabu vyao, akaona kwamba heshima wanayowapa wazee waliokufa inaweza kuvumiliwa. Baada ya kifo chake mabishano yakawa makubwa, Papa Klementi wa 11 akazipiga marufuku desturi hizo, na mwaka 1939 Papa Pius wa 12 akawaruhusu tena Wakristo kuzishiriki. Zaidi ya miaka mia mbili ilipita katikati. Sisi watu wa Pwani, ambao ngoma zetu nasi ziliwahi kukatazwa kabla hazijaeleweka, tunaweza kukielewa kisa hicho bila kufafanuliwa sana.

Mkono uliovunjika

Baada ya kuyajua hayo tulirudi Msata tukaomba kuona mazoezi. Vijana walikuwa wamefukia tairi la gari nusu mchangani. Wanakuja mbio, wanakanyaga tairi, linawarusha, wanapiga kichwangomba hewani. Inapendeza mno kuangalia. Lakini katika saa nzima hatukuona mtu akinyoosha misuli, wala mtu aliyesimama pembeni kumdaka anayekosea. Mtoto wa miaka tisa aliruka kama kijana wa miaka kumi na nane. Yule aliyevunjika mkono alikuwa ametua kwa kiganja, mkono umekakamaa, kosa ambalo mafunzo ya kuanguka yangelizuia.

Mama yake tulimtembelea nyumbani. Alituambia kwamba yeye si adui wa mchezo. "Akicheza harudi amelewa," alisema. "Ila hakuna aliyeniuliza kabla." Maneno hayo mawili ndiyo tuliyoyapeleka kwenye kikao cha pili, na tunaona wafadhili wetu nao wanastahili kuyasikia kama yalivyosemwa.

Kamati imekubaliana hivi. Sare na redio havitanunuliwa kwa sasa. Fedha zilizopo zitanunua magodoro ya sponji ya kutulia na kumleta mwalimu aliyesomea sanaa Bagamoyo, mara mbili kwa mwezi kwa miezi sita, nauli na chakula vikiwa juu yetu. Kila mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane ataleta kibali cha mzazi. Tairi litaondolewa mpaka mwalimu aseme. Vyombo vingine vya mchezo vitatoka majumbani, kama walivyofanya watu wa Wuqiao, na kina mama wamekwisha kutoa masharti kuhusu sahani: za plastiki tu. Viongozi wa vijana hawakufurahi, hasa kuhusu redio, na mmoja alisema waziwazi kwamba wazee wamewaua. Wawili hawajarudi mazoezini. Hilo tunaliandika kwa kuwa ni kweli, na tunaendelea kuzungumza nao.

Mzee aliyeuliza swali alisikiliza maelezo yetu yote, pamoja na habari za Ricci, kisha akauliza kama huyo mwalimu wa Bagamoyo anaweza pia kufundisha kupiga ngoma vizuri, maana vijana wanazipiga ovyo. Tumeliingiza ombi hilo katika mkataba wa mwalimu.

Mazoezi sasa yanafanyika kwenye ukuta wa stoo ya parokia, Jumatano na Jumamosi jioni. Mkono wa yule mtoto umeunga, ila daktari hajamruhusu kuuwekea uzito. Amepewa saa ya kikundi. Anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anawahesabia wenzake sekunde wakiwa miguu juu ukutani, na inasemekana hapunguzi hata moja.