Kivimbe, Mdudu na Ugonjwa: Silidi wa Michungwa katika Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Anayegeuza jani changa la mlimau katika nyanda za juu za Kivu huweza kukuta vinundu upande wa juu na, chini ya kila kinundu, kishimo. Katika mazungumzo ya kila siku hali hiyo huelezwa kwa neno moja tu: ugonjwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo linafunika vitu vitatu vilivyo mbalimbali: kivimbe, ambacho ni umbo la jani, mdudu, ambaye hukisababisha, na ugonjwa wenyewe, ambao mdudu huyo aweza kuuleta au asiulete. Kuyatenganisha majina haya si anasa ya wanaisimu. Mkulima anayeyachanganya huenda akakata mti usio mgonjwa, au akautunza mti mgonjwa kwa sababu tu majani yake hayana vivimbe.

2. Jina na nasaba ya mdudu

Msomaji wa sarufi amezoea kuona nomino zikipangwa katika ngeli kwa kufuata upatanisho. Wanabiolojia wanaoandika kwa Kiswahili nao hutumia neno hilohilo kwa daraja mojawapo la uainishaji wa viumbe, ila wao hufuata maumbile na nasaba. Mdudu tunayemzungumzia yumo katika ngeli ya wadudu (Insecta), oda ya Hemiptera, yaani wadudu wenye mdomo wa kufyonzea ulio kama sindano. Vidukari, nzi weupe na kunguni ni wa oda hiyo. Familia yake ni Triozidae, nayo ni mojawapo ya zile ambazo wadudu wake kwa jumla tutawaita hapa silidi. Jina lake kamili ni Trioza erytreae.

Historia ya jina hilo ina mafunzo. Mwaka 1918 mtaalamu wa Kiitalia, Del Guercio, alimweleza mdudu huyu kutokana na Eritrea, akamweka katika jenasi Aleurodes, yaani miongoni mwa nzi weupe. Baadaye wataalamu wengine, Laing na Pettey, walimpa kila mmoja jina jipya: Trioza citri na Trioza merwei. Hivyo mdudu mmoja alikuwa na majina matatu. Ilipobainika kwamba ni spishi moja, kanuni ya kutanguliza jina la kwanza ilitumika: erytreae likabaki, ila jenasi ikasahihishwa. Mwanaisimu hatashangaa, kwani hata katika lugha yetu mzizi -toto hubaki uleule ingawa kiambishi chaweza kubadilika: mtoto, kitoto, toto.

3. Maisha yake

Silidi aliyekomaa ana urefu wa milimita 4 hivi. Ana mabawa maangavu, na akitulia juu ya jani huinamisha kichwa na kuinua nyuma. Jike hutaga kwenye majani machanga tu, hasa ukingoni. Kila yai, lenye rangi ya manjano, lina kikonyo kinachochomekwa ndani ya jani, na jike mmoja aweza kutaga hadi mayai 2,000. Mayai huanguliwa baada ya siku 6 hadi 15. Hatua za utoto ni tano, nazo huchukua siku 17 hadi 43: baridi ikizidi, siku huongezeka.

Mtoto huyo tumwiteje? Neno buu halifai, kwa kuwa buu hupitia hatua ya pupa kabla ya kupata mabawa, na silidi hana hatua hiyo. Neno lifaalo ni tunutu, ambalo Kiswahili tayari kinalo kwa nzige wachanga wasioweza kuruka. Kama nzige, tunutu wa silidi hukua kwa kujivua gamba mara kwa mara.

Tunutu hujibandika upande wa chini wa jani, huchomeka mdomo na kufyonza utomvu. Ana umbo bapa, na kandokando ya mwili wake pana nyuzi nyeupe za nta. Mahali alipotulia, jani lingali linakua, hivyo tishu zake huitikia ufyonzaji huo kwa kubonyea chini na kutuna juu. Basi kivimbe ni kazi ya jani lenyewe, lililochokozwa na mdudu.

Hapa pana jambo la manufaa kwa mkulima. Mdudu akishakomaa na kuondoka, kishimo hakifutiki. Hubaki hadi jani lianguke. Kwa hiyo kunyunyizia dawa majani makuukuu yenye vivimbe ni kupoteza fedha, kwa maana mwenye nyumba amekwisha kuhama. Mahali pa kuchunguzwa ni machipukizi.

4. Ugonjwa

Vivimbe peke yake mara chache huua mti, ingawa mche mdogo huweza kudhoofika. Hatari kubwa ni bakteria ambayo silidi huibeba kutoka mti hadi mti. Wataalamu wa Afrika Kusini, McClean na Oberholzer, walithibitisha mwaka 1965 kwamba mdudu huyu ndiye mwenezaji, na bakteria hiyo huitwa leo Candidatus Liberibacter africanus. Hukaa katika mirija inayosafirisha chakula cha mti. Majani huwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za mshipa wa kati. Matunda hudumaa, hupinda upande mmoja na kuwa machungu. Mti ulioambukizwa hauna dawa.

Tunasisitiza: si kila mti wenye vivimbe umeambukizwa, na mti ulioambukizwa huweza kuwa na majani yasiyo na kivimbe hata kimoja. Kivimbe ni ushahidi kwamba mdudu alipita. Si ushahidi kwamba aliacha ugonjwa.

Jina la ugonjwa huu nalo linataka uangalifu. Kwa muda mrefu uliitwa Afrika Kusini kwa neno lenye maana ya kubaki kijani, kwa sababu matunda hayageuki rangi sawasawa. Lakini katika nchi za joto machungwa mazima huiva yangali ya kijani. Tukiuita "ukijani", mkulima wa Walikale atadhani kila chungwa lake ni gonjwa. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la wataalamu wa virusi vya michungwa lilipitisha jina la Kichina, huanglongbing, ambalo kiini chake ni chipukizi la manjano. Kwa kufuata maana hiyo tunapendekeza unjano wa chipukizi.

5. Kutoka Masisi hadi Walikale

Silidi wa michungwa hupenda baridi na unyevu. Joto la zaidi ya nyuzi 32, likiambatana na ukavu, huua mayai na tunutu wachanga. Bakteria ya Kiafrika nayo hudhihirika zaidi mahali pa baridi. Milima ya Masisi, ambayo sehemu yake kubwa iko juu ya mita 1,500, ina hali inayomfaa mdudu huyu. Ukishuka kuelekea magharibi hadi misitu ya Walikale, nchi huteremka chini ya mita 1,000 na joto huongezeka.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba Walikale inalindwa na joto lake. Kinachoua ni joto pamoja na ukavu, na nchi ya msitu haina ukavu wa namna hiyo. Isitoshe, mashariki ya Walikale yenyewe ina milima. Silidi huruka kilometa moja na nusu au zaidi bila msaada. Lakini safari ndefu hupewa na mwanadamu, anapobeba miche na vikonyo vya kupandikizia. Tunda lisilo na majani halina hatari kubwa. Kwa hiyo anayenunua miche Masisi na kuipeleka Walikale yampasa ageuze majani machanga na kutafuta mayai ya manjano na tunutu kabla ya kufunga mzigo.

Yupo pia msaidizi asiye na gharama: nyigu mdogo sana, Tamarixia dryi, ambaye hutaga kwa tunutu, na mtoto wake humla. Gamba la tunutu lenye tundu la duara ni alama kwamba nyigu ametoka humo. Katika kisiwa cha Réunion nyigu huyu alipelekwa katika miaka ya 1970, na silidi akatoweka. Dawa zinazonyunyizwa ovyo humwua nyigu pamoja na adui yake.

6. Hitimisho

Tumependekeza istilahi nne: kivimbe kwa umbo la jani, tunutu kwa mdudu mchanga, silidi kwa mdudu aliyekomaa na jamii yake, na unjano wa chipukizi kwa ugonjwa. Kila moja ina tendo lake. Kivimbe humwambia mkulima achunguze. Tunutu humwonyesha wakati wa kupambana. Silidi humkumbusha kuangalia miche inayosafirishwa. Unjano wa chipukizi humlazimu kung'oa mti. Kwa neno moja tu, "ugonjwa", matendo hayo manne hayawezi kutenganishwa, na mti wa mlimau hukatwa au huachwa kwa kubahatisha.