Kifua cha bata mzinga Mafia: kuagiza, kugawana au kuacha?

Anayetaka kupika kifua cha bata mzinga kilichojazwa na kuviringishwa akiwa Kilindoni, wazo la kwanza humjia lile lililo ghali kuliko yote: kuagiza kifua kilichogandishwa kutoka Dar es Salaam. Bei ya dukani ni mwanzo tu. Kuna gari hadi Nyamisati, kuna chombo cha kuvukia, kuna boksi na barafu yake, na kuna uwezekano wa safari kuchelewa. Nyama ikiyeyuka njiani kisha ikagandishwa tena, imeshapoteza maji yake na usalama wake una mashaka. Mie siishauri, labda kwa anayeshuka kwenye ndege asubuhi na kupika siku hiyo hiyo.

Ukimpata mfugaji mwenye bata mzinga hai, kaa kitako upige hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, dume la kilo 8 linauzwa shilingi 80,000. Likishachinjwa na kusafishwa hubaki kama kilo 6, na kifua ni kama theluthi yake. Ukitaka kifua peke yake, kila kilo imekutoka 40,000. Mkichanga nyumba tatu, mkagawana mapaja, mabawa na mifupa ya supu, kilo inashuka hadi 13,300 hivi. Na tusidanganyane: paja la bata mzinga kwenye tui zito la nazi ni tamu kuliko hicho kifua.

Kwa mlo wa kawaida, kuku. Wa kienyeji mwache kwa mchuzi. Kifua chake ni chembamba na kigumu, hakiviringiki. Chukua wa kisasa: vifua viwili, uvipasue na kuvifungua, uviponde viwe bapa, vinatosha watu wanne. Cha kujazia usikitafute mbali: mkate mkavu, kitunguu, kitunguu saumu, kotimiri, pilipili manga, na korosho za hapa hapa kisiwani zilizotwangwa. Bana vizuri, funga kwa uzi wa pamba. Mshipi wa nailoni usiutumie, hata kama ndio uliojaa nyumbani.

Moto hauna gharama ya kutisha. Oveni ya umeme kwa kuku haimalizi uniti 2. Kwa bei ya TANESCO ya takriban shilingi 356 kwa uniti, ni kama 700. Kifua cha bata mzinga kitataka uniti 3 hivi. Aliye kwenye daraja la chini la uniti 75 kwa mwezi ajihadhari, kwani zikizidi, za ziada hulipiwa bei ya juu. Asiye na oveni apalie makaa juu na chini ya sufuria, kwa moto ule wa mkate wa kumimina. Katikati pafike nyuzi joto 74, pamoja na kilichojaziwa.

Lakini uliye Utende au Jibondo, ngisi wakiwa wametoka chomboni asubuhi, waache kuku na bata mzinga wote wawili. Ngisi hahitaji kuviringishwa wala kufungwa uzi. Anataka kijiti kimoja tu mdomoni. Mjaze theluthi mbili, kwa sababu akipata moto hunywea, na aliyejazwa pomoni hupasuka.