Jina la Mtunzi na Mwaka wa Kazi: Uandishi wa Marejeleo ya Matini za Kiswahili kutoka Tanga na Mrima

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuandika marejeleo ya matini za Kiswahili zilizotungwa Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania. Hoja kuu ni kwamba mitindo ya urejeleaji inayotumiwa na majarida mengi imejengwa juu ya jina la ukoo na mwaka mmoja wa uchapishaji, ilhali matini hizi zina majina ya nasaba na zaidi ya tarehe moja. Anayezirejelea bila kuzingatia tofauti hiyo huweza kumpoteza mtunzi ndani ya orodha yake mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Marejeleo yana kazi mbili: kumwezesha msomaji kuifikia kazi iliyotumiwa, na kuonyesha nani mwenye kauli. Mwandishi wa muswada huelekea kushughulika na ya kwanza tu, akidhani ya pili itajitimiza yenyewe. Kwa riwaya iliyochapishwa jana na mwandishi mwenye jina la ukoo, dhana hiyo haina madhara. Kwa tenzi, habari na barua za Tanga, madhara yake ni makubwa.

2.0 Majina ya Nasaba

Hemedi bin Abdallah el Buhriy, mshairi wa Tanga, alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika Habari za Wakilindi, historia ya watawala wa Usambara. Ni watu wawili tofauti, na wote wawili ni nguzo za utafiti wa eneo hili. Kanuni ya kutanguliza jina la mwisho na kufupisha la kwanza ikitumiwa kwa majina yao bila nisba, Hemedi bin Abdallah huwa "Abdallah, H." na Abdallah bin Hemedi huwa "Hemedi, A." Msomaji anayemtafuta mshairi kwa jina lake la kwanza ataelekezwa kwa mwanahistoria, na anayemtafuta mwanahistoria ataangukia kwa mshairi. Programu za kompyuta za kupanga marejeleo huzidisha tatizo hili, kwani hugawa jina katika visanduku viwili na huweza kulifanya "bin" kuwa sehemu ya jina la kati.

Katika majina haya, neno linalofuata "bin" au "binti" ni jina la mzazi. Si jina la ukoo. Utaratibu ulio salama ni kuliandika jina kamili kama linavyotamkwa, kulipanga kialfabeti kwa jina la kwanza, na kutolifupisha: Hemedi bin Abdallah el Buhriy chini ya H, Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy chini ya A. Katika programu, jina lote huingizwa katika kisanduku kimoja, kile kinachotumika kwa majina ya taasisi. Kwa kuwa tahajia za nisba hutofautiana kutoka chapisho hadi chapisho, mwandishi achague tahajia moja, aitumie muswada mzima, na aihifadhi tahajia ya jalada pale tu anaponakili anwani ya kitabu.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga, anajulikana kwa wasomaji kwa majina yake mawili kwa pamoja. Katika orodha hukutwa kama "Robert, S." na pengine "Shaaban, R." Kwa kuwa "Robert, S." imekwisha kuzoeleka katika majarida mengi, si lazima kuiacha. Lililo lazima ni kutotumia zote mbili katika orodha moja, kwa sababu kazi za mtu mmoja zitaonekana kuwa za watu wawili.

3.0 Mtunzi na Mhariri

Utenzi wa Hemedi bin Abdallah ulitolewa mwaka 1955 ukiwa na tafsiri na maelezo ya J.W.T. Allen. Mtafiti anayenukuu ubeti wa Kiswahili na kuandika "(Allen, 1955)" amemvisha mfasiri joho la mtunzi. Kanuni iwe hii: anayenukuu utenzi amtaje mtunzi, na Allen aingie baada ya anwani kama mhariri na mfasiri, anayejadili dibaji au maelezo ya Allen amtaje Allen. Aidha, ubeti utajwe kwa namba yake kabla ya ukurasa, kwani kurasa hubadilika toleo likibadilika.

Tatizo hili si la Tanga peke yake. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa Göttingen mwaka 1903, kilijulikana kwa miongo mingi kwa jina la Carl Velten, ingawa sehemu kubwa ya maelezo yake yalitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1981 ilimrejeshea Mtoro nafasi ya mtunzi.

4.0 Mwaka wa Kazi

Mwaka 1307 wa Hijria ulianza Agosti 1889 na kumalizika Agosti 1890. Ni kipindi ambamo Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Katika anwani ya utenzi, 1307 ni sehemu ya jina la kazi na hauwezi kuhamishiwa nafasi ya mwaka wa uchapishaji. Lakini 1955 ukisimama peke yake katika mjadala humfanya mtu wa zama za vita aonekane kama mwandishi wa zama za kudai uhuru. Kwa hiyo matini yenyewe ieleze wakati wa mtunzi, hata kama mabano yanabeba mwaka wa chapisho.

Kazi za Shaaban Robert zinadai uangalifu huohuo. Alifariki mwaka 1962, na Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967. Barua za Shaaban Robert 1931–1958, alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, zilichapishwa na TUKI mwaka 2002. Anayenukuu barua aitaje tarehe ya barua yenyewe pamoja na mwaka wa kitabu. Anayetumia toleo jipya la kitabu cha zamani aandike miaka yote miwili, wa kwanza na wa toleo alilolishika mkononi. Mtindo wa APA huitenganisha kwa mkwaju.

Majarida nayo hubadili majina. Jarida liitwalo leo Kiswahili lilianza kama taarifa ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, na baadaye likaitwa Swahili. Makala yarejelewe kwa jina ambalo jarida lilikuwa nalo siku yalipotoka.

5.0 Miswada na Masimulizi

Muswada wa hati za Kiarabu hutambuliwa kwa maktaba inayouhifadhi na namba yake ya kumbukumbu. Mkusanyo wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mfano. Kwa masimulizi, APA huyataja mazungumzo binafsi ndani ya matini pekee, nje ya orodha. Hivyo manju aliyeghani utenzi mzima hukosa nafasi anayopewa mwandishi wa ukurasa mmoja. Pale ambapo msimulizi ameridhia kutajwa, njia ni kuirekodi sauti, kuihifadhi mahali panapofikika, na kuiorodhesha chini ya jina lake.

6.0 Hitimisho

Jarida lina haki ya kudai mtindo mmoja, na mwandishi ana wajibu wa kuufuata. Hata hivyo, mtindo hauamui nani ni mtunzi. Hilo huamuliwa na mtafiti kabla hajafungua mwongozo. Wahariri wa majarida ya Kiswahili wangewasaidia waandishi kwa kuongeza katika miongozo yao kifungu kifupi kuhusu majina ya nasaba, kazi zilizohaririwa na tarehe za Hijria, ili Hemedi na Abdallah wakutwe kila mmoja mahali pake.