Motokaa Igongayo Chini

Barabara ya lami itokayo Kisumu kwenda Ahero haimchoshi dereva, lakini mwenye motokaa akiiacha na kushika njia za mashambani katika uwanda wa Kano, hukutana na udongo mweusi ambao wakati wa mvua hunata kama gundi, na wakati wa jua hupasuka na kuwa mgumu kama jiwe. Njia ziteremkazo ufukoni, ambako samaki hupakiwa alfajiri, hazina nafuu. Na motokaa nyingi zipitazo huko, kama vile Toyota Probox zichukuazo abiria na mizigo, zilikwisha tumika Japani miaka kadha kabla ya kuletwa Kenya. Basi si ajabu siku moja mwenyewe akasikia ko-ko-ko chini ya miguu yake kila apitapo shimo. Wengi huongeza sauti ya redio. Ingekuwa heri wangesimama wakatazama.

Uzee wa motokaa si aibu. Joginder Singh, fundi aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mashindano ya Safari ya mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika Volvo iliyokwisha tumika. Aibu ni kuiendesha hali mwenyewe hajui kilicholegea.

Mlio huo mara nyingi hutoka katika vitu viwili. Cha kwanza ni bushi, yaani mpira ulioshindiliwa ndani ya bomba fupi la chuma, mahali mkono wa chini wa gurudumu unapofungwa kwenye mwili wa motokaa. Cha pili ni boljointi, nayo ni tufe la chuma lililokaa ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja ukaavyo katika nyonga, ili gurudumu lipande, lishuke na kugeuka. Kikombe hicho hufunikwa kwa mfuko wa mpira wenye grisi. Mfuko ukipasuka, matope na mchanga huingia, grisi hutoka, na chuma husaga chuma. Bushi iliyokwisha hula tairi upande mmoja na kumsumbua dereva. Boljointi iliyokwisha huweza kuchomoka, gurudumu likalala chini ya motokaa. Jambo hilo likitokea katika mteremko wa kutoka Kiboswa kuja Mamboleo, motokaa ikiwa imejaa watu, hakuna usukani utakaofaa.

Kupima ni kazi ya nyumbani. Motokaa isimamishwe mahali pagumu palipo sawa, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, kisha mbele iinuliwe kwa jeki na kuegemezwa juu ya stendi za chuma au magogo mapana yasiyo na ufa. Mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake, maana jeki huteleza bila kuaga. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, mwenzake akanyage breki: mchezo ukikoma, kosa ni la beringi ya gurudumu, ukiwa ungaliko, boljointi ndiyo mbovu. Likicheza lishikwapo kushoto na kulia, yafaa kutazama viungo vya usukani. Bushi hupimwa kwa kuusukasuka mkono kwa mtaimbo, na kuangalia kama mpira umepasuka.

Boljointi iliyofungwa kwa bolti, mtu mwangalifu aweza kuibadili mwenyewe. Nati zipakwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jioni. Pini ikikataa kutoka, asiipige kichwani akaharibu nyuzi zake. Apige ubavu wa chuma kiishikacho, nayo italegea. Kotapini ya zamani isirudishwe.

Liko jambo ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulisahau. Bolti za bushi zisikazwe kabisa motokaa ikiwa imeinuliwa. Wakati huo mkono umening'inia, na ukikazwa hivyo, mpira hujipinda motokaa ishushwapo, na bushi mpya hupasuka upesi. Zikazwe kidogo, motokaa ishushwe ikae kwa uzito wake juu ya magurudumu, ndipo zikazwe kwa nguvu. Watu hulaumu duka kwamba limewauzia bushi mbovu, kumbe kosa lilikuwa la spana.

Wako pia wachongao bushi kutoka mpira wa tairi kuukuu. Katika mkokoteni haidhuru. Katika motokaa ichukuayo watoto wa watu, shilingi zilizookolewa hivyo ni chache mno.

Springi iliyozungushwa juu ya shokabzoba isiguswe nyumbani. Imebanwa kwa nguvu nyingi, na mtu akifungua nati ya juu bila vibanio vyake, huruka ikamvunja taya. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo.

Kazi ikiisha, motokaa iendeshwe polepole hadi mjini, magurudumu yapimwe kama yanaelekea sawa, la sivyo tairi mpya zitalika kama zile za kwanza. Na baada ya siku chache za njia mbaya, kila nati iliyofunguliwa ijaribiwe tena kwa spana.